Saa ya Kusafiri

Karata hushtukiza kwa urahisi, maana zimefichwa. Mwenye turufu huibana kifuani, na siku akiitupa mkekani wote huguna. Bao halina maficho. Kete 64 zinaonekana, mashimo 32 yako wazi, na hata zile 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi idadi yake inajulikana. Basi mtu hushtukizwaje na kitu anachokitazama?

Jibu nililipata Ifakara, chini ya mwembe, kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga. Kete zake zilikuwa komwe, zimesuguliwa na vidole mpaka zinateleza. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akanisogezea bao.

Roho ya mchezo ni nyumba, lile shimo la pembe nne linaloanza na kete sita. Mchezaji anapokula, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumbani mwake, ana hiari: alale hapo, au aichote nyumba yote asafiri nayo. Akiwahi kusafiri, amejivunjia ghala, na mbele yake hubaki kweupe. Akichelewa, mwenzake huila nyumba nzima kwa mkupuo. Wakulima wa bonde la Kilombero wanaijua hesabu hiyo. Anayewahi mno kupanda, jua humchomea mbegu; anayechelewa, maji ya mto humkuta miche ingali mifupi.

Mzee alifika nyumbani mara ya kwanza, akalala. Mara ya pili, akalala. Mara ya tatu nilikuwa nimeacha kuilinda safu yangu ya mbele, nahangaikia kula vijishimo vyake vya pembeni. Mara ya nne alitia mkono, akachota. Tak, tak, tak, kete moja moja, bila pupa. Akala, akazungusha, akala tena. Aliponyanyua mkono, safu yangu ya mbele haikuwa na hata kete moja.

"Mzee, nyumba hiyo nilikuwa naiona muda wote!"

"Mwanzo uliiogopa, mwanangu. Halafu ukaizoea."

Sishangai kwamba Mwalimu Nyerere alilipenda bao. Huu ni ufundi wa kuweka nguvu hadharani mpaka mwenzako aione kama pambo, kisha kuijua saa yake. Kuficha hata mtoto anaweza.

Jua lilikuwa bado juu. Nikaanza kupanga upya: sita nyumbani, kisha mbili, na mbili.