Paa Kwanza, Injini Mwishoni

Mume na mke ninaowazungumzia hapa wanaishi kwenye viunga vya Dallas, Texas. Mume ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mke ni muuguzi wa mikataba, wiki 13 katika hospitali hii, wiki 13 katika ile. Walipochoka kulipia chumba cha kupanga kila mkataba unapobadilika, waliamua kununua motohomu iliyotumika, yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na bafu lake. Hawakuwahi kumiliki hata hema. Walinisimulia ununuzi wao hatua kwa hatua. Kwa maoni yangu walifanya jambo moja kubwa sawasawa, na jingine, ambalo si dogo, liliwaponyoka.

Gari lenyewe ni la mwaka 2013, la kundi ambalo Wamarekani huliita daraja C: mbele kichwa cha Ford E-450, nyuma sanduku la nyumba lililojengwa na kampuni nyingine, na kitanda kinachoning'inia juu ya dereva. Urefu wake ni takriban mita 7.3, injini ni V10 ya lita 6.8, na dashibodi inasoma maili 31,000. Muuzaji, mstaafu aliyelitumia kwa likizo, alitaka dola 39,500.

Kwa dereva wa lori, maili 31,000 kwenye V10 ni injini ambayo haijaanza kazi. Mume alikuwa tayari kufungua boneti, kunusa oili, kulipia. Ndivyo tulivyozoea wengi wetu: gari kutoka Japani likishushwa Mombasa au Dar es Salaam, unamchukua fundi wako, naye anaanzia kwenye injini. Mke ndiye aliyeupindua utaratibu huo. Alichomwambia mumewe ni kifupi: injini inauzwa dukani, ukuta hauuzwi.

Alikuwa sahihi, na sababu iko katika ujenzi wenyewe. Ukuta wa motohomu nyingi za aina hii ni tabaka zilizogandishwa kwa gundi: ngozi ya faibaglasi kwa nje, plaiwudi nyembamba nyuma yake, povu la kuzuia joto, kisha fremu. Maji yakipenya, hayadondoki sakafuni ukayaona. Hukaa ndani ya plaiwudi, gundi ikaachia, mbao ikaoza, na baada ya misimu kadhaa faibaglasi inavimba mapovu. Kufikia hapo dawa yake ni kuubandua ukuta mzima, na gharama inaweza kuizidi thamani ya gari. Injini ya Ford ina fundi kila mji. Ukuta uliooza hauna.

Kwa hiyo walianzia juu. Paa la mpira halivuji katikati; huvuja pale lilipotobolewa, kwenye matundu ya hewa, bomba la choo, kiyoyozi na pembe za mbele. Kila tundu huzungushiwa gundi ya kuzibia inayokauka na kupasuka kwa jua, na mwenye gari anatakiwa kuikagua walau kila mwaka. Kisha wakashuka kwenye kuta. Mke aliweka tochi sambamba na ukuta ili mwanga ulale juu yake. Penye uvimbe kivuli hujitokeza. Ndani waliinua godoro la kitanda cha juu ya dereva na kubonyeza pembe zote kwa vidole, maana hapo ndipo daraja C huanza kuoza. Wakafungua makabati, wakanusa. Gari lililojaa manukato lingenitia shaka kuliko lenye harufu ya vumbi.

Macho yao hayakuona kitu. Hata hivyo walimwita mkaguzi wa kujitegemea, wakamlipa mamia ya dola kabla ya kukubaliana bei, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mkaguzi alifunga feni kubwa kwenye tundu la paa, akasukuma hewa ndani ya gari lililofungwa madirisha yote, kisha akapaka maji ya sabuni kwa nje kwenye maungio. Penye upenyo, sabuni hutoa mapovu. Yalitokea kwenye taa mbili kati ya zile tano ndogo za rangi ya chungwa zilizo kwenye paji la gari. Sheria ya Marekani inazidai taa hizo kwa magari mapana, na kila moja imefungwa kwa skrubu zinazotoboa ukuta juu kabisa, panapopigwa na mvua gari likiwa mwendoni. Kipima unyevu kikaonyesha mbao chini yake bado kavu. Upenyo ulikuwepo, uozo haujaanza. Hiyo ni tofauti ya maelfu ya dola, na jicho la mnunuzi mgeni lisingeijua.

Swali jingine zuri lilikuwa la Kiteksasi kabisa: Februari 2021 gari hili lilikuwa wapi? Baridi ya mwezi huo ilipasua mabomba ya nyumba nyingi Texas, seuze ya magari yaliyoegeshwa nje na maji ndani. Mstaafu akasema lilikuwa uani, mabomba yamemwagwa. Hawakubishana naye. Walijaza tangi, wakawasha pampu, wakafunga bomba zote na kusikiliza. Pampu ikishajenga presha hunyamaza. Ikinguruma tena bila mtu kufungua bomba, maji yanatoka mahali. Ilinyamaza.

Kabla ya kwenda walikuwa wamemwomba muuzaji mambo mawili yanayoonekana kupingana: friji iwashwe kwa gesi tangu jana yake, na injini isiguswe kabisa. Friji hizi hazina kompresa. Hupooza kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia, polepole mno, kiasi kwamba saa moja ya majaribio haikuambii lolote. Injini ni kinyume chake: ikipashwa moto mapema, huficha ugumu wa kuwaka na kelele za mwanzo.

Jenereta walikaribia kudanganywa nayo, tena na namba nzuri. Mita ilisoma saa chache sana kwa umri wa gari, na mume akafurahi. Mkaguzi hakufurahi. Jenereta ya petroli isiyofanya kazi hugandisha mafuta machafu kwenye kabureta. Watengenezaji hutaka iwashwe kila mwezi, ikiwa na mzigo. Hii iliwaka, lakini kiyoyozi kilipowashwa ikaanza kupumua kwa shida. Kabureta ikaingia kwenye hesabu.

Matairi nayo. Meno yake yalikuwa marefu, hakuna kipara. Lakini ubavuni, mwisho wa msimbo unaoanza na DOT, palisomeka 2314: wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la gari linaloegeshwa miezi mingi hufa kwa jua na umri likiwa bado na meno. Yalikuwa sita chini na moja la akiba, yote ya kutupa.

Injini ilikaguliwa mwisho na haikuwa na la kusema. Mume alitafuta kwa namba ya chesisi kama kuna mwito wa marekebisho wa mamlaka ya usalama barabarani, akatafuta kando kwa mjenzi wa nyumba, kwa kuwa ni kampuni mbili na miito miwili. Kwa orodha ya taa, kabureta na matairi saba, bei ilishuka hadi dola 36,000. Malipo yalifanyika ndani ya benki iliyokuwa bado inashikilia hati ya gari, deni la muuzaji likafutwa mbele yao.

Na sasa lile lililowaponyoka, ambalo lilistahili kuonwa na dereva wa lori kuliko mtu yeyote. Motohomu za miaka hii zina kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiozidi kiasi fulani. Chao kilisema kilo 640. Inaonekana nyingi, mpaka uanze kutoa. Watu wawili, kilo 155. Tangi la maji safi likijaa, lita 150, nazo ni kilo 150, kwani maji huhesabiwa kama mzigo. Zimebaki 335 kwa vyombo, matandiko, nguo za miezi mitatu, zana, baiskeli mbili na friza ndogo ambayo mke hakukubali kuiacha.

Walipita mizani ya malori wakiwa tayari njiani kwenda kwenye mkataba wa kwanza, wakakuta wamezidi, na ekseli ya nyuma ndiyo iliyobeba ziada, kwa sababu baiskeli zilining'inia nyuma kabisa. Sasa husafiri na robo ya maji na kujaza wakifika, na baiskeli zimehamia ndani. Mizani hiyo hutoza chini ya dola 20. Ingefaa waipite siku ile ya majaribio, gari likiwa tupu na mmiliki bado ni yule mstaafu, kisha wajumlishe mizigo yao kwenye karatasi kabla ya kutaja bei yoyote.