Sauti Nne, Mikono Miwili, Mtu Mmoja

Wanakwaya wenzangu wa Musoma, hii haiwezi kusubiri Jumapili. Nimesikia piano ambayo kila kidole kinaimba sauti yake, na tangu niisikie sina hamu ya kusikiliza kitu kingine. Mpigaji ni Glenn Gould, mzaliwa wa Toronto, Kanada. Mtunzi ni Johann Sebastian Bach, Mjerumani wa enzi ya Baroko. Kazi yenyewe inaitwa Goldberg Variations. Gould aliirekodi Juni 1955 mjini New York akiwa na miaka 22, kisha mwaka 1981 akaingia tena studio ileile na kuirekodi yote upya. Rekodi zote mbili zinapatikana kwa simu hiyohiyo uliyoshika. Mimi nimezisikilizia hapa Bweri, mabasi ya Mwanza na Sirari yakipiga honi stendi, na hakuna honi iliyoweza kunitoa.

Nianze na kilichonishika. Rekodi ya 1955 inafungua na Aria, wimbo mtulivu, na kabla dakika mbili hazijatimia umekwisha. Halafu variesheni ya kwanza, yaani geuzo la kwanza, inalipuka. Sekunde 45 tu, basi! Mkono wa kulia unakimbia, lakini sikio langu lilikwenda kushoto, maana mkono ule wa kushoto hausindikizi mtu. Una maneno yake, una pumzi yake, unaruka juu, unashuka, unaubana mwenzake halafu unaupisha. Kila nota ni fupi, kavu, safi, imeachana kabisa na jirani yake, na hakuna pedali inayofunika makosa kwa sababu hakuna makosa ya kufunika. Nilisimamisha, nikarudisha mwanzo. Nikasimamisha tena. Ilinichukua muda kukubali kwamba wanaopiga si watu wawili.

Sisi tumezoea kinanda cha kanisani ambacho mkono wa kulia unabeba wimbo na wa kushoto unajaza chini. Mpigaji akizidiwa anawasha ngoma za ndani ya kinanda, na wanabesi wote wanamezwa. Wanabesi wetu ni watu wa kuhurumiwa kwa kweli: wanakuja mazoezini mvua inyeshe jua liwake, wanashika nota zao mpaka zinakaa, halafu siku ya kurekodi fundi mitambo anawashusha hadi husikii kama walikuwepo. Kwa Gould hakuna sauti inayoshushwa. Besi ni mtu mzima mwenye heshima zake, na teno vilevile, na alto ambaye hata sisi wenyewe huwa tunamsahau.

Na ndivyo Bach alivyoijenga. Kazi hii ilichapishwa Nuremberg mwaka 1741: Aria ya vipimo 32, variesheni 30, kisha Aria inarudi, jumla vipande 32. Kinachoziunganisha variesheni zote si wimbo mzuri wa juu ule uliousikia mwanzoni. Huo unaachwa, usiutafute, utaukuta tena mwisho kabisa. Kinachoziunganisha ni besi! Mwendo ule wa chini ndio unaorudi mara 30, mara umefichwa ndani, mara umepambwa kwa madoido, mara uko wazi kabisa. Wapigaji wengi wanakuchezea ghorofa ya juu. Gould anakuonyesha msingi, na ukishausikia huwezi tena kuisikiliza kazi hii kwa namna nyingine.

Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja variesheni ya 10. Hii nimeirudia kuliko zote. Besi anaanza peke yake na sentensi ya vipimo vinne, imechangamka, ina tetemesho moja kali mwanzoni kabisa. Vinaisha, teno anaingia na sentensi ileile, na besi hanyamazi: anaendelea na habari yake chini. Vipimo vinne vingine, soprano huyo. Vinne vingine, alto, wa mwisho kufika na nafasi yake ikiwa imekwisha kujaa watu, naye anaingia bila kusukumana na yeyote. Nimeisikiliza nikimfuata alto tu tangu anapoingia mpaka mwisho. Nikarudi nikimfuata teno. Hakupotea hata mmoja! Siri, kadiri sikio langu linavyoniambia, ni kwamba Gould hapigi sauti nne kwa nguvu zilezile. Huyu anamkatia nota fupi, yule anamwachia nota ndefu, huyu anamkaza, yule anamlegeza, kwa hiyo kila mmoja ana ngozi yake hata wanapokaribiana. Mwalimu yeyote wa kwaya anayehangaika kuwafanya alto na teno wasifanane aisikilize dakika hii moja.

Kisha ziko kanoni. Kila variesheni ya tatu, kuanzia ya 3 mpaka ya 27, sauti moja inaanza wimbo na nyingine inafuata nyuma na wimbo uleule, kama watoto wa shule wanavyoimba kwa makundi, kundi la pili likingoja zamu. Ila Bach hakuishia hapo. Katika ya 3 anayefuata anaanza nota ileile ya mwenzake. Katika ya 6 wamepishana nota moja, yaani huyu akiwa na do yule ana re, na bado hawagombani! Ya 9 umbali unaongezeka, ya 12 unaongezeka, hivyo hivyo mpaka umbali wa tisa. Mtu aliyejifunza kwa solfa, mwenye daftari lake la d, r, m, atajua mara moja hiki ni kitu kigumu kiasi gani kukiandika, na atashangaa kwa nini kinasikika chepesi hivi.

Kuhusu ule ukavu wa nota, nina la kusema kama mtu wa Mara. Bach hakuandika kazi hii kwa piano. Aliiandikia hapsikodi yenye safu mbili za vibao, na hapsikodi haina nyundo: ukibonyeza kibao, kijiti chenye ncha kinaukwanyua waya. Nyuzi za kukwanyuliwa! Hiyo ni familia ya litungu. Wakurya wa Tarime wana nyuzi nane na vidole, na mpigaji mzuri wa litungu anajua kwamba nota ikishatoka haiongezeki, inafifia tu, kwa hiyo uzuri wote uko kwenye wakati: uikwanyue lini, uizime lini. Gould ana piano kubwa yenye uwezo wa kunguruma na kuvuta nota, lakini anaipiga kwa akili ya nyuzi za kukwanyua. Ndiyo maana wako waliomkataa wakisema piano haipigwi hivi. Mimi naona amewahi kufika alipo Bach kuliko wengi wanaoipaka piano asali.

Nikiwa kwenye rekodi ya 1981 alipita mwalimu wa kwaya, jirani yangu. Nilimpa hedifoni. Alifumba macho, kisha akafumbua ghafla.

"Huyo anayeimba nyuma ni nani?"

"Ndiye mpigaji mwenyewe, Mwalimu."

"Anaimba na kupiga?"

"Hajizuii. Studio walishindwa kumnyamazisha."

"Anaimba sauti ipi?"

Swali la mwalimu wa kwaya kwelikweli! Tukasikiliza tena pamoja. Mara nyingi haimbi ile iliyo juu. Mdomo umefumba nusu, anaguna na kuvuma, na mara kwa mara anachokiimba ni cha katikati au hata hakimo katika piano. Wengine inawaudhi. Mwalimu alicheka kwa furaha, akasema huyo anawaongoza vijana wake kwa koo. Sina la kuongeza.

Namna anavyokaa nayo ni habari. Baba yake alimtengenezea kiti cha kukunja kwa kukikata miguu, akawa anakaa chini sana, kama sentimita 36 kutoka sakafuni, pua karibu iguse vibao. Alikwenda nacho kila mahali miaka yote hata kilipochakaa. Ukiwa chini namna ile huwezi kutumia uzito wa mabega, vidole vinafanya kazi yote wenyewe, na nadhani nusu ya usafi ule unatoka kwenye kiti. Mwalimu wake, Alberto Guerrero, alimfundisha pia mazoezi ya kukigonga kidole kimoja kimoja ili vidole vijue kazi yao bila misuli mingine kuingilia. Unayasikia hayo katika variesheni ya 5, mikono inapopishana kwa sekunde 37 zinazokuacha bila pumzi.

Sasa ile ya 1981. Jamani! Aria ileile iliyokuwa haifiki dakika mbili sasa inapita tatu. Anaiweka nota, anaiacha isikike mpaka mwisho wake, ndipo anaitafuta inayofuata. Kazi nzima ambayo mwaka 1955 ilikuwa dakika 38 na nusu hivi imekuwa zaidi ya 51. Usidhani kazeeka na kupoa. Variesheni ya kwanza bado inaruka, ila sasa anapima: mwendo wa kipande kimoja unazaa mwendo wa kinachofuata, mpigo wa chini unapita kutoka variesheni moja hadi nyingine bila kukatika, na vipande 32 vinakuwa kitu kimoja kirefu. Na piano safari hii ni Yamaha! Jina lililoandikwa kwenye vinanda vingi vya makanisa ya mkoa huu. Ipo pia filamu yake, imetengenezwa na Bruno Monsaingeon, humo unaona mkono wake mmoja ukipumzika kidogo na kuanza kuuongoza mwingine hewani. Filamu inakula bando, ila tafuteni.

Ipi bora? Kwa mtu anayeanza, 1955, bila kusita, kwa sababu ya ule moto. Kwangu mimi, baada ya kuzisikia zote, 1981, na sababu ni variesheni ya 25. Hii ni moja ya tatu tu zilizo katika minor, nzito, ya majonzi, wimbo unajivuta kwa nusu hatua nusu hatua mpaka unakosa pa kushika. Kijana wa 1955 anaivuta sana na kuililia, na Gould mwenyewe baadaye hakuupenda upigaji ule, akiona alijionyesha mno. Mwaka 1981 anaipiga kwa muda mfupi kidogo kuliko ujanani, wakati kazi yote kwa jumla imerefuka! Hailii. Anausema msiba ulivyo, mkono wa kushoto ukitembea hatua kwa hatua chini yake, na hapo ndipo mimi nilishindwa kuendelea mpaka nilipotoka nje kidogo.

Lawama ninazo, na ni za kweli. Bach aliagiza kila nusu ya kila kipande irudiwe. Mwaka 1955 Gould harudii kitu, na 1981 anarudia baadhi tu, hasa nusu za kwanza za kanoni. Variesheni ya 10 inakwisha wakati nataka iendelee. Ukitaka marudio yote, yupo Víkingur Ólafsson wa Iceland, rekodi yake ya 2023, nzuri, yenye upole, ya zaidi ya saa moja. Nimeisikia, nimeipenda. Sikusimama kitini.

Variesheni ya 30 ndiyo ya kuwachezea wale wanaosema Bach ni wa wasomi. Mahali ulipotarajia kanoni ya kumi, Bach anaingiza nyimbo za mtaani za Wajerumani wa siku zake, mbili zinafahamika, na kuzisokota pamoja juu ya besi ileile. Inasimuliwa kwamba ukoo wa Bach, uliojaa wanamuziki, ulikuwa ukikutana na kuimba nyimbo za mtaani kwa pamoja, kila mtu na wake, huku wakicheka. Sherehe yoyote ya ukoo hapa Mara ikifika usiku unaijua hali hiyo. Gould wa 1981 anaipiga kwa kifua wazi, karibu kama tenzi ya kutaniko zima, na papo hapo Aria inarudi.

Rekodi hiyo ya pili ilitoka Septemba 1982. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo Gould alifariki kwa kiharusi, umri miaka 50, akiwa ameacha kupiga mbele ya watu tangu 1964 kwa sababu aliamini studio ndiko muziki unakotengenezwa vizuri. Na sauti ya vidole vyake imeshatoka nje ya dunia hii: utangulizi na fuga ya Bach katika C, kutoka kitabu cha pili cha The Well-Tempered Clavier, alivyopiga yeye, viko kwenye ile sahani ya dhahabu iliyorushwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Vitabu vya kazi hiyo, vyote viwili, ndivyo ninavyoanza navyo sasa: utangulizi na fuga 48 alizozirekodi kwa miaka mingi.

Alhamisi baada ya mazoezi naleta spika. Mwalimu amekubali kutupa nusu saa. Wanabesi wakae mbele, na tunaanza na ya 10.