Mtoto Asiyerudi: Juu ya Uhakiki wa The Winter's Tale

Katika mwaka 1877 Edward Dowden alizikusanya tamthilia za mwisho za Shakespeare chini ya jina la romansi, akaona ndani yake utulivu wa mtunzi aliyekwisha kuivuka misiba. Baadaye Lytton Strachey alimpinga, akidai kwamba mtunzi huyo hakuwa ametulia bali amechoshwa. Wote wawili walimsoma mtu, wakauacha mchezo. G. Wilson Knight aliurudia mchezo wenyewe katika The Crown of Life (1947), akaisoma The Winter's Tale kuwa ni tamthilia ya ufufuo: malkia Hermione, aliyedhaniwa kufa kwa wivu wa mumewe Leontes, aonekana baada ya miaka 16 katika umbo la sanamu, kisha sanamu yashuka na kutembea.

Usomaji huu una nguvu. Lakini una deni, nalo ni Mamillius. Mwana huyu wa mfalme afa kweli mama yake angali mbele ya mahakama, wala hapana amfufuaye. Mwanzoni mwa sehemu ya tano Paulina amtaja. Leontes amsihi anyamaze, kwani kila atajwapo ni kama afa tena. Katika onyesho la sanamu hatajwi kabisa. Aiitaye tamthilia hii ufufuo hana budi kutueleza kwa nini mtoto ameachwa kaburini.

Hapa ndipo ulinganishaji na chanzo utufaapo zaidi. Katika Pandosto ya Robert Greene (1588) malkia hufa asirudi, mwanawe hufa, na mfalme, baada ya kumtamani binti yake pasipo kumjua, hujiua. Shakespeare alimrudisha mama, akamsalimisha mfalme, ila kifo cha mtoto akakiacha palepale. Aliyeweza kubadili hayo yote hakumsahau Mamillius kwa bahati mbaya.

Wako waliotaka kuukwepa ugumu wa mwisho huo kwa ushahidi wa Simon Forman. Huyu aliutazama mchezo katika Globe tarehe 15 Mei 1611, akaandika habari zake bila kuitaja sanamu. Basi ikadhaniwa kwamba onyesho hilo liliongezwa baadaye. Hoja hii ni dhaifu. Forman hakumtaja hata dubu amlaye Antigonus, na sijamwona mhakiki asemaye kwamba dubu naye aliongezwa. Kilichomkaa moyoni ni tapeli Autolycus, na onyo la kutowaamini ombaomba wa uongo!

Turudi basi kwenye sanamu. Hermione amkumbatia Leontes, lakini hamwambii neno. Maneno yake machache ni dua kwa miungu na maswali kwa binti yake Perdita, ambaye kwa ajili yake, asema, alijihifadhi hai. Wahakiki wa ufufuo wamelisikiliza sana kumbatio hilo. Kimya kilichoandamana nalo wamekisikiliza kidogo mno.