Gurudumu, Vumbi na Ardhi: Namna ya Kuipima Picha ya Gari la Rali

Picha ya gari la rali hupimwa kwanza kwenye gurudumu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde, na gurudumu lake, lenye mzingo wa takribani mita mbili, huzunguka mara 14 hivi katika muda huo. Shata ya kamera ikifunguka kwa 1/2000 ya sekunde, gurudumu halipati nafasi ya kugeuka hata digrii tatu. Kila spoki huonekana, maandishi ya tairi husomeka, na gari hufanana na lililoegeshwa katikati ya njia. Kwa 1/125 gurudumu hugeuka karibu digrii 40, spoki huyeyuka zikawa duara moja, na jicho hukubali kwamba gari linakwenda.

Watazamaji wengi hukosea hapo, na si kwa uzembe. Ushauri wa kwanza anaopewa mwenye kamera mpya ni kuongeza kasi ya shata ili picha isitoke na ukungu. Ushauri huo unamfaa anayepiga picha ya ndege tawini. Kwenye rali unaondoa kile kile kilichomtoa mtu nyumbani alfajiri.

Safari Rally ni darasa zuri la upimaji huu. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na zikarejea mwaka 2021 zikiwa na makao Naivasha. Humweka mtazamaji mbele ya mambo mawili yanayovutana. Moja ni kasi. La pili ni mahali penyewe: Mlima Longonot, migunga ya kandokando ya ziwa, vichaka vya leleshwa, uwanda wa Soysambu, na kile kilima cha Elmenteita kinachoitwa Sleeping Warrior kwa kuwa umbo lake ni la mtu aliyelala chali. Kamera ikilisindikiza gari kwa shata ya polepole, mahali hufutika na kuwa michirizi. Kamera ikitulia na shata ikaenda mbio, mahali hubaki lakini kasi hufa. Picha bora ni ile iliyoumaliza ugomvi huo, au angalau iliyochagua upande wake kwa kujua.

Picha ya kusindikiza, yaani ile ambayo mpigaji alizungusha kiuno pamoja na gari huku shata ikiwa kati ya 1/60 na 1/125, ina mahali pake pa kukaguliwa. Mandhari ya nyuma yawe michirizi iliyonyooka, ikilala sambamba na mwendo wa gari. Michirizi yenye mawimbi inaonyesha mkono uliodunda. Gari lenye kingo mbili mbili linaonyesha kwamba mpigaji alichelewa au aliliwahi, au kwamba aliacha kuzungusha mwili mara tu alipobonyeza kitufe. Mkono unaofuata gari ni lazima uendelee kulifuata hata baada ya picha kupigwa. Gari zima halitakuwa kali toka bampa hadi bampa, na hilo si kosa. Likipita karibu, pua na mkia wake haviendi kwa kasi moja mbele ya lenzi, hivyo sehemu moja tu ndiyo inayoweza kutulia. Swali ni sehemu ipi. Ikiwa ni pua, mlango wenye namba, au kofia ngumu ya dereva, kazi ni njema. Ikiwa ni bawa la nyuma peke yake na pua imeyeyuka, picha imeshindwa hata kama rangi zake zinapendeza.

Siku hizi kuna michirizi inayotengenezwa kwa programu baada ya tukio, na mtu mwenye jicho huitambua upesi. Atazame kupitia vioo vya madirisha. Kama mandhari nje ya gari ni michirizi lakini kichaka kinachoonekana kupitia dirisha kina majani yanayohesabika, michirizi hiyo ni ya kubandikwa. Kisha atazame ardhi iliyo kati ya magurudumu, chini ya tumbo la gari: katika picha ya kweli, kokoto za hapo nazo zimevutwa. Antena iliyokatika kipande na kipande cha mpira cha nyuma ya tairi kilicholiwa ukingo ni dalili za namna hiyo hiyo, hasa kwenye simu zinazotia ukungu wa mandhari zenyewe.

Picha ya gari linalokuja usoni ina sheria nyingine. Gari hilo halikatizi mbele ya lenzi, linakua tu. Shata ya 1/1000 hailiui, kwa sababu ushahidi wa kasi hautoki kwenye spoki, unatoka kwenye mwili wa gari na kwenye ardhi. Mwili ukiwa umeinama upande mmoja wa kona, tairi la mbele likiwa limekunjwa kinyume na mwelekeo wa pua, gurudumu la nyuma likining'inia hewani, mtazamaji anaelewa uzito unakwenda wapi. Udongo unaorushwa ndio shahidi mkubwa kuliko wote. Vitonge vilivyokamatwa hewani, kila kimoja na kivuli chake, humwambia mtu ni ardhi ya namna gani na tairi limeuma kiasi gani. Kwa sababu hiyo picha nyingi za Safari zilizo bora hupigwa wakati gari linatoka kwenye kona, si linapoingia: likiingia linapunguza mwendo, likitoka linachimba.

Vumbi linastahili kuzungumzwa peke yake. Katika mikondo ya mbio kama Kedong kuna udongo laini wa asili ya volkeno ambao watu wa rali huuita fesh-fesh. Ni laini kama unga, gari huzama ndani yake na kulipua wingu linalolizidi kimo. Jua likiwa nyuma ya mpiga picha, wingu hilo hugeuka ukuta bapa. Jua likiwa nyuma ya vumbi, wingu huwaka kutoka ndani, mikunjo yake huonekana tabaka kwa tabaka, na gari hutokea mbele yake likiwa na ukingo wa mwanga. Lakini mwanga huo huidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi, hupunguza mwangaza, na gari hutoka jeusi kama mkaa. Mpigaji akiongeza mwangaza kupita kiasi, vumbi nalo hugeuka karatasi tupu. Kipimo ni kutazama sehemu angavu kuliko zote ndani ya wingu. Kama mikunjo bado inaonekana hapo, na papo hapo namba ya mlangoni inasomeka, mpigaji alijua anachofanya. Rangi nayo ikaguliwe. Vumbi la Naivasha si jekundu kama udongo wa Tsavo, na picha inayolionyesha jekundu imepakwa rangi mezani.

Naivasha iko chini kidogo tu ya ikweta. Mwezi Machi, ambao ndio mwezi wa mbio hizi tangu mwaka 2024, jua la saa sita na nusu mchana hukaribia utosini. Paa la gari hung'aa, magurudumu huzama kwenye kivuli chao wenyewe, na kioo cha mbele huakisi anga hata dereva asionekane. Picha za saa moja hadi saa tatu asubuhi, na za baada ya saa kumi alasiri, zina mwanga unaoingia kwa ubavu na kufika kwenye spoki. Machi pia huleta mvua. Kwa sehemu kubwa ya historia yake Safari ilifanyika majira ya Pasaka, ndiyo maana picha zake za kale zimejaa matope, wakati zile za mwaka 2021 hadi 2023, mbio zilipofanyika Juni, zimejaa vumbi. Matope hupigwa kwa shata ya haraka kidogo kuliko vumbi, kwa kuwa uzuri wake uko kwenye umbo la rusho lenyewe. Mchana wa jua kali kuna kosa jingine lisilo la mkono wala la lenzi: hewa ya moto juu ya uwanda hutetemeka, na gari lililopigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali hutoka na kingo zinazocheza. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya hilo. Dawa ni kusogea karibu pale panaporuhusiwa au kungoja jua lishuke.

Picha za simu huleta umbo ambalo wengi hulilaumu bila kulielewa: gurudumu lililokuwa yai na nguzo zilizoinama. Simu haisomi picha yote kwa mara moja. Husoma mstari baada ya mstari, na gari linasogea wakati usomaji ukiendelea. Jambo hilo lina umri mrefu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha ya gari la mbio kwa kamera ambayo shata yake ilikuwa mwanya unaopita mbele ya bamba la picha. Alikuwa akilifuata gari, lakini hakulifikia. Gurudumu likatoka yai lililoinamia mbele, watazamaji wakainamia nyuma, na kasoro hiyo ikawa ndiyo sura ya kasi kwa vizazi vilivyofuata. Kwa hiyo umbo la yai halitoshi kuikataa picha. Hukataliwa linapopinda gari zima hata lisitambulike, na husifiwa linapokaa kwenye magurudumu na kuuongezea mwendo nguvu.

Mpangilio hauna mengi ya kubishaniwa. Gari liachiwe nafasi kubwa zaidi mbele ya pua kuliko nyuma ya mkia, mti usichipuke paani, na bampa lisikatwe kwa sentimita moja kana kwamba mpigaji alishtuka. Kimo cha lenzi kina uzito zaidi ya hayo. Gari lililopigwa kutoka juu ya kingo hufanana na kichezeo. Mpigaji akichuchumaa, gari hilo hilo hupata kifua. Na gari la Safari lina alama yake: bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo cha mbele, la kulinda injini dhidi ya maji na vumbi. Picha inayolionyesha bomba hilo, pamoja na kipande cha migunga au umati uliokaa mlimani, hujitambulisha yenyewe. Ile inayoonyesha gari na michirizi mitupu ingeweza kupigwa Ufini.

Mahali aliposimama mpigaji husomeka ndani ya picha. Upande wa nje wa kona ndiko gari linalopoteza mshiko linakoelekea, na picha yenye pua ya gari ikijaa toka upande huo, bila utepe wala ukingo wa kumkinga mpigaji, ni ushahidi wa hatari. Picha hiyo haistahili sifa, hata ikiwa kali. Nafasi ya juu, ndani ya kona, nyuma ya utepe, hutoa picha bora mara nyingi zaidi, kwa sababu mpigaji asiyeogopa kugongwa huzungusha mwili wake kwa utulivu.

Cha mwisho kukaguliwa ni maandishi yanayoandamana na picha: jina la mkondo, tarehe, namba ya gari, dereva na msoma ramani wake. Shekhar Mehta alishinda Safari mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo toka 1979 hadi 1982, zote akiendesha Datsun. Picha ya Datsun ya Mehta ikipita kwenye matope, isiyo na tarehe na ambayo namba yake imefunikwa na udongo, inaweza kuwa ya mwaka wowote kati ya hiyo minne ya mwisho. Anayetoka Kedong na picha 400 kwenye kamera yake aziandikie maelezo jioni ile ile, kabla hajasahau ni kona ipi.