Jitu Linaloenea Kambani

Ukisikia jina Giganta unatarajia mwanamke anayekanyaga magari. Kumbe katika kitabu cha katuni Wonder Woman namba 9, toleo la kiangazi cha 1944, adui huyo anapita mlangoni kama mtu yeyote. Kiswahili hukuza kiumbe kwa silabi moja tu, mtu akawa jitu. William Moulton Marston, mwandishi wa hadithi hizo, naye aliliachia jina libebe sehemu ya mzigo. Sehemu iliyobaki aliijenga kwa namna ninayoiona ya kistadi kuliko kurefusha mwili.

Anaanza na gorila jike. Profesa Zool anamtia katika mashine ya kuharakisha mabadiliko ya viumbe, na anayetoka ni mwanamke mwenye nywele nyekundu. Umbo ni la binadamu, nguvu ni zilezile. Msomaji ameshamwona mnyama, kwa hiyo kila mkono huo unapomkaba mtu, yeye anaona mkono wa gorila. Mchoraji H. G. Peter hakuhitaji kuongeza hata inchi moja.

Lakini kwa nini wasimchore jitu la kweli? Nadhani jibu liko kwenye kamba ya dhahabu. Wonder Woman hupigana kwa karibu. Humkamata adui, humfunga, na aliyefungwa hulazimika kutii. Tendo hilo halisomeki mpaka mfungaji na mfungwa wakae kwenye kisanduku kimoja, nyuso zote mbili zikionekana. Sasa mpe adui urefu wa mita 15. Ukimwonyesha mzima, shujaa anabaki kama siafu. Ukimsogelea shujaa, adui anabaki kifundo cha mguu. Na kitabu chenyewe kilikuwa cha senti 10, karatasi hafifu, rangi zake zimechapwa kwa vitone. Siafu wa namna hiyo angemezwa na vitone vyenyewe. Ndiyo maana mistari ya Peter ni minene, ya brashi, na macho ya wanawake wake ni makubwa yenye kope nzito.

Macho hayo yalikuwa na kazi. Marston alikuwa mwanasaikolojia, na aliamini kwa dhati kwamba mhalifu anaweza kugeuzwa moyo. Maadui wa kike walipelekwa kwenye kisiwa cha Waamazoni, jamii ya Wonder Woman mwenyewe, wakafunzwe upya. Katika namba 28 ya mwaka 1948, Giganta ni mmoja wa wafungwa waliotoroka huko na kujiunga na genge la wanawake 8 lililoongozwa na Eviless. Hadithi ya namna hiyo inataka tumwone mtu akisita, akichukia, akinyenyekea. Kifundo cha mguu hakitubu.

Urefu wa kupita majengo Giganta aliupata kwenye televisheni, mwaka 1978, katika Challenge of the Super Friends ya kampuni ya Hanna-Barbera. Huko mbinu inafanya kazi, kwa sababu picha inatembea: jicho linaanzia kwenye kiatu, linapanda ghorofa kwa ghorofa, na ule muda wa kupanda ndio ukubwa wenyewe. Vitabu vya baadaye vikaiga urefu huo, ingawa karatasi haina muda wa kupanda. Inabidi mchoraji alipe kwa ukurasa mzima kila jitu linaposimama. Peter alikuwa na visanduku vidogo, na mikono miwili ya gorila.