Adabu ya Kufungua Injini

Aghalabu watu hawaisikii mashine ya kusagia ila siku inaponyamaza. Hapa Kirungu, mji uliokaa juu ya kilima ukitazama bandari ya Moba na upana wa Ziwa Tanganyika, injini yangu ya dizeli yenye silinda moja ilikuwa imetangaza maradhi yake kwa muda wa mwezi mzima: asubuhi haikuwaka mpaka mabega yameuma kwa kuizungusha, moshi wake uligeuka buluu, alama ya kwamba oili inapanda na kuungua pamoja na dizeli, na nguvu zake zilipungua hata akina mama walioleta mihogo na mahindi ya bukari, yaani ugali, wakawa wanarudi makwao jua likizama. Ilipokufa kabisa, na pistoni mpya imekwisha kufika kwa mashua kutoka Kalemie, nilitandika turubai safi chini ya mwembe wa uani, nikaazimu kuifungua mwenyewe.

Injini ya namna hii, ambayo asili yake ni fikra ya Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefaulu kuiendesha ya kwake huko Augsburg mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Moto wake huzaliwa kwa hewa iliyobanwa ndani ya silinda hata ikapata joto la kuiwasha dizeli papo inaponyunyizwa. Basi ringi za pistoni zikilika, hewa huponyoka pembeni, joto halitimii, na chombo chote, kijapokuwa kizito, huwa mfano wa kifua kisichoweza kushika pumzi.

Kichwa cha silinda, ambacho wenye kufuata Kifaransa hukiita kulasi na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa hukiita silinda hedi, hakifunguliwi kwa ghadhabu. Sharti injini ipoe kabisa, kwani chuma kikifunguliwa kingali moto huweza kupinda. Kisha maji ya kupoozea humwagwa, mabomba ya dizeli, ya hewa na ya moshi huondolewa, na kila tundu huzibwa kwa kitambaa kisafi, maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo hudhuru kuliko nyundo. Nati nazo hulegezwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, ili shinikizo liondoke sawasawa pande zote. Kila kilichotoka nilikilaza juu ya turubai kwa mpangilio uleule kiliokuwa nao ndani, kwa kuwa kitu kilichofunguliwa ni amana, na mwenye amana hudaiwa kuirudisha mahali pake.

Nilipokiinua kichwa kile nilikutana na watu wawili nisiowajua. Uso unaolaliwa na gasketi ulikuwa na kovu la patasi: mtu fulani, zamani, alikibandua kwa pupa, na palipokuwa na kovu ndipo gasketi ilipoanza kuungua. Lakini juu ya vijiti vya kusukuma valvu niliona nukta zilizogongwa kwa ncha kali, kimoja nukta moja na cha pili nukta mbili, kisichanganywe na mwenziwe. Na nyuzi za boliti zilikuwa zimepakwa grisi, ndiyo sababu nati zilizunguka bila kulia. Huyu wa pili aliifanya kazi yake akimfikiria mtu ambaye hatamwona. Mimi naiona hiyo kuwa ndiyo heshima yote ya ufundi, na mengine ni nguvu za mikono tu.

Umo katika ziwa letu ushahidi mkubwa wa adabu hii. Meli iliyoitwa Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikakongolewa, ikaletwa Kigoma ndani ya makasha, ikaunganishwa upya. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi isije ikatekwa. Ila wahandisi waliotwikwa kazi hiyo walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakazikuta injini zingali zafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, ikaendelea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970. Mabwana wale hawakujua grisi yao itafutwa na mkono wa nani, huenda wa adui. Wala hilo halikuwazuia.

Kwa fikra hiyo niliendelea. Nilikwangua kwa taratibu ukoko wa masizi uliofanya ukingo juu ya silinda, kwani pistoni ikisukumwa juu yake ringi huvunjika. Nikafungua konrodi, nikaitoa pistoni kuukuu kwa mpini wa mti. Kila ringi mpya niliitia peke yake ndani ya silinda nikapima mwanya wake, kwa maana chuma hutanuka kwa moto, na ringi isiyoachiwa nafasi ncha zake hugongana, ikavunjika na kuichana silinda. Pistoni yenyewe niliipasha ndani ya sufuria ya maji ya moto, na ile pini inayoiunganisha na konrodi, ambayo nyundo isingeiingiza ila kwa madhara, ikaingia kwa kidole gumba. Kisha nilizipanga ringi mianya yake isielekeane, nikapaka oili, nikazibana kwa ukanda wa bati, nikaishusha pistoni kwa kugonga polepole kama mtu abishaye hodi kwa mgonjwa.

Uso wenye kovu niliusugua juu ya kioo kilichotandikwa msasa mpaka ukawa sawa, nikaweka gasketi mpya, nikakaza nati kwa mkingamo uleule wa kuzilegeza. Iliwaka mara ya tatu, moshi ukawa mweupe kitambo kisha ukatoweka. Jioni, ilipokwisha kupoa, nilizikaza nati tena, kwani gasketi hulala zaidi baada ya moto wa kwanza. Halafu nilichovya kidole katika grisi, nikapaka kila uzi wa boliti uliobaki wazi, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya mkono utakaofuata.