Heshima ya Sifuri

Perf ni zana ya Linux inayoonyesha programu inamalizia wapi muda wa kichakataji. Iliingia na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, toleo la 2.6.31 mwaka 2009. Kila inapotaka kupima kitu, hujaza muundo wa data uitwao perf_event_attr na kuukabidhi kwa kerneli. Mwanzoni muundo huo ulikuwa na baiti 64. Leo umezidi maradufu.

Perf na kerneli si lazima ziwe za rika moja. Kuna anayepeleka perf mpya kwenye seva isiyoguswa miaka mingi, na kuna mwenye programu kongwe juu ya kerneli ya juzi. Waasisi waliliona hilo mapema. Ndani ya muundo waliweka sehemu inayotaja ukubwa wake, na biti za akiba zisizo na kazi, kama fundi cherehani anayeacha upindo mpana kwenye sare ya mtoto. Muundo ukija mfupi, kerneli hujazia sifuri. Ukija mrefu kuliko inavyoujua, hukagua baiti za ziada: zikiwa sifuri tupu, hupokea, vinginevyo hukataa na kuandika ukubwa inaoufahamu. Kwa hiyo kila nyongeza sharti iheshimu sifuri: sifuri maana yake ni "kama zamani".

Hata hivyo, mambo huharibika. Chukua biti ya exclude_guest, inayoiambia kerneli isihesabu kazi za mashine pepe. Perf ilipoanza kuiwasha yenyewe, kerneli za zamani ziliona biti ya akiba imewashwa, zikajibu EINVAL: ombi batili. Mtumiaji hakuwa ameuliza lolote kuhusu mashine pepe, ila kipimo kikagoma. Na EINVAL ni jibu la kinyongo; halisemi kosa liko wapi.

Fundi mvivu angetazama namba ya toleo la kerneli na kuamua. Angepotea, kwa sababu wasambazaji kama Red Hat hurudisha vipengele vipya kwenye kerneli zenye namba za zamani. Tiba iliyochaguliwa ni ya subira: jaribu; ukikataliwa, zima biti ile, kumbuka kwamba kerneli hii haiijui, kisha ujaribu tena. Vipengele vilipoongezeka, mpangilio nao ukawa jambo la kuangaliwa, yaani kufuata mfuatano wa jinsi vilivyoingia, visije vikazimwa visivyo na hatia.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi mwenye subira hiyo. Kulegeza ombi ni rahisi. Kujua lipi halilegezwi ndiyo kazi. Kilichowashwa na zana yenyewe kinaweza kuzimwa. Alichokiomba mtumiaji kwa kinywa chake kisizimwe kimyakimya, maana zana ya kupima ikitoa namba ya kitu kingine, mtu atakesha akirekebisha sehemu isiyo na ugonjwa. Heri ikatae waziwazi, itaje na sababu.

Nawe unayeandika programu ambayo wengine wataitegemea, weka sehemu ya ukubwa tangu toleo la kwanza, na ukatae chochote kisicho sifuri kwenye biti za akiba. Ukikipokea leo ovyo, kesho hutaweza kuipa biti hiyo kazi bila kuvunja programu ya mtu.